Kalenda ya Maafa Njombe: Kila Msimu Huandaliwa Kabla Haujafika

Na Mwandishi Wetu, Njombe

Mvua kubwa inapoanza kunyesha usiku katika miteremko ya Milima ya Livingstone, wilayani Ludewa, muda wa kujadili nani ahamie wapi na kwa njia ipi huwa umekwisha. Muda huo ulikuwapo mwezi Septemba, ardhi ilipokuwa kavu na barabara zikipitika. Vivyo hivyo, mwenye shamba la miti ambaye hajafyeka barabara ya kukinga moto kufikia Julai hawezi kuifyeka mwezi Oktoba huku moshi ukionekana kwa jirani.

Maafa mengi yanayoweza kuukumba Mkoa wa Njombe hufuata misimu, na misimu hiyo inafahamika. Kwa sababu hiyo, maandalizi ya kila msimu hayana budi kufanyika katika msimu unaoutangulia. Makala haya yanaeleza hatari zilizopo, dalili zake na wajibu wa mwananchi pamoja na Serikali ya kijiji.

Mkoa mmoja, hali ya hewa tofauti

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa, na una wilaya nne za Njombe, Ludewa, Makete na Wanging'ombe. Mji wa Njombe upo takribani mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo wilayani Makete upo juu zaidi ya hapo. Mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Ludewa upo chini ya mita 600. Kutokana na tofauti hiyo ya mwinuko, mkulima wa viazi mviringo Makete, mfanyabiashara wa Makambako na mvuvi wa Manda hawakabiliwi na hatari zinazofanana, ingawa wote ni wakazi wa mkoa mmoja. Mpango wa maafa wa kijiji kimoja hauwezi kunakiliwa na kijiji kingine bila kutazama mahali kijiji hicho kilipo.

Juni hadi Agosti: Baridi na sakitu

Katika kipindi cha kipupwe, joto hushuka sana katika maeneo ya miinuko. Usiku wenye anga angavu na upepo mdogo, ardhi hupoteza joto haraka na umande huganda juu ya majani. Hali hiyo, iitwayo sakitu, huunguza viazi, mboga na miche michanga ya parachichi, hasa kwenye mabonde ambako hewa baridi hutuama. Mkulima anashauriwa kupanda miche kwenye miteremko badala ya mabondeni, kuifunika kwa nyasi na kufuatilia taarifa za kipupwe zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Hatari kubwa zaidi ya msimu huu imo ndani ya nyumba. Familia hulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa ili kujikinga na baridi. Mkaa unapoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo huzuia damu kubeba oksijeni, na aliyelala anaweza kufariki bila kuamka. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana kufifia.

Agosti hadi Novemba: Moto

Kwa kaya nyingi mkoani Njombe, shamba la misindano au mikaratusi ni akiba ya kusomesha watoto na kujenga nyumba. Miti hiyo huchukua miaka mingi kufikia umri wa kuvunwa, lakini moto unaweza kuiteketeza katika alasiri moja. Kuanzia Agosti nyasi huwa zimekauka, upepo huongezeka na wakulima huanza kusafisha mashamba kwa ajili ya msimu wa kilimo. Moto wa kuandaa shamba, wa kurina asali au wa kuwinda ukiponyoka, huingia msituni na kuruka kutoka shamba moja hadi jingine.

Sheria ya Misitu Namba 14 ya Mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa mimea na kuweka utaratibu wa kibali. Mwananchi anayekusudia kuchoma shamba aonane kwanza na uongozi wa kijiji, awataarifu majirani zake, achague saa za utulivu wa upepo, awe na watu na maji karibu, na asiondoke mpaka majivu yapoe.

Barabara za kukinga moto ndiyo kinga ya uhakika zaidi, kwa kuwa moto hukosa cha kuunguza unapofika kwenye ardhi tupu. Hata hivyo, barabara hizo hufaa iwapo majirani watazifyeka kwa pamoja. Mmoja akifyeka na mwenzake akaacha nyasi zimesimama, moto hupita kwa aliyeacha na kuwafikia wote. Moto ukionekana, taarifa itolewe mapema kwa viongozi wa kijiji na kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba 114.

Novemba hadi Aprili: Mvua, upepo na maporomoko

Njombe hupata msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kumalizika Aprili. Msimu huo ndio unaolisha mkoa, na ndio pia unaobeba hatari nyingi zaidi. Makambako, mji unaofahamika kwa upepo wake, paa lisilofungwa vizuri huweza kuezuliwa wakati wa dhoruba. Mitaa ya miji hujaa maji pale mifereji inapoziba kwa taka. Katika maeneo ya milimani, hatari kuu ni maporomoko ya udongo na kukatika kwa barabara. Mazingira hayo yameathiri hata namna barabara zinavyojengwa: kipande cha Lusitu–Mawengi chenye urefu wa kilomita 50, katika barabara ya Itoni–Ludewa–Manda, kimejengwa kwa zege ili kihimili miteremko mikali na mvua nyingi.

Taifa limekwishapata funzo chungu kuhusu maporomoko. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, viliukumba mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu 89 walipoteza maisha. Wataalamu walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ikashindwa kuhimili uzito, ikameguka. Aprili 2024, jijini Mbeya, tope kutoka Mlima Kawetele lilifukia nyumba na shule.

Kabla ya mteremko kuporomoka, mara nyingi ardhi huonesha dalili. Nyufa mpya hutokea ardhini au kwenye kuta, milango iliyokuwa ikifunguka vizuri hukwama, miti na nguzo huinama, na maji huchipuka mahali ambapo hayakuwapo. Dalili ya kuogopwa zaidi ni mto kupungua maji ghafla wakati mvua ingali inanyesha, kwani huenda udongo umeuziba huko juu na maji yaliyokusanyika yatashuka kwa mkupuo. Anayeona dalili hizo ahame kwanza, kisha atoe taarifa. Akimbilie pembeni mwa njia ya tope na kupanda sehemu iliyoinuka, wala asikimbie kufuata mkondo wa bonde.

TMA hutoa tahadhari kwa rangi. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa inayodai hatua za haraka. Ujumbe huo haupaswi kuishia kwenye simu ya aliyeupokea. Mzee anayeishi peke yake, mtu mwenye ulemavu na kaya isiyo na redio wafikishiwe kwa mdomo.

Hatari isiyo na kalenda

Tetemeko la ardhi halina msimu. Ziwa Nyasa limo ndani ya Bonde la Ufa, na Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko uliathiri eneo la Karonga nchini Malawi, ng'ambo ya ziwa. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilisababisha vifo na kubomoa nyumba nyingi. Kinga yake hujengwa pamoja na nyumba: msingi imara, matofali yaliyounganishwa vizuri na lenta inayozunguka kuta zote.

Wajibu unaanzia kijijini

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya Mwaka 2022 inaweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya Taifa hadi kijiji na mtaa. Mantiki yake ni kwamba katika saa za kwanza za janga, mwokoaji aliye karibu ni jirani. Msaada wa wilaya na mkoa hufuata, na barabara ikikatika unaweza kuchelewa.

Kamati hiyo haihitaji fedha nyingi kuanza kazi. Inahitaji orodha ya kaya zilizo kwenye miteremko na kingo za mito, jengo lililokubaliwa kuwa kimbilio, njia mbili za kulifikia, namba za simu za viongozi, na ishara ya dharura inayofahamika kwa wote, iwe kengele ya shule au filimbi.

Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, unatoa nafasi ya kufuata kalenda hii. Mkutano wa Machi ujadili baridi na hatari ya majiko ya mkaa. Wa Juni upange zamu za kufyeka barabara za moto. Wa Septemba uhakiki kaya zilizo hatarini, mifereji na mapaa ya shule. Na wa Desemba upime kilichotekelezwa wakati mvua zikiendelea. Mwananchi anayehudhuria mkutano wa Septemba na kuuliza swali moja, "Mvua ikizidi usiku, sisi wa mteremkoni tunakwenda wapi?", atakuwa ameanza kuilinda familia yake miezi kadhaa kabla ya tone la kwanza kuanguka.