Dola mpya zisizonunua kitu

Kubuni upya noti za taifa ni zoezi linalowavutia wasanifu wengi wa michoro, ingawa hakuna benki kuu inayowaagiza. Noti wanazochora haziingii sokoni. Kazi yake ni kuonyesha fedha ya nchi ingekuwaje kama msanifu angeanza na mtumiaji, mazoea yakafuata baadaye. Dola ya Marekani ni mfano mzuri.

Noti za dola, kuanzia ya 1 hadi ya 100, zina kipimo kimoja: takriban milimita 156 kwa 66, kilichoanza kutumika mwaka 1929. Rangi zake nazo zinakaribiana, hata baada ya baadhi ya noti kuongezewa rangi hafifu. Kwa hiyo asiyeona hawezi kutofautisha dola 1 na dola 100 kwa kupapasa tu. Mwaka 2006 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamua kuwa hali hiyo inawabagua wasioona, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye.

Miaka hiyohiyo, Richard Smith, mshauri wa ubunifu wa New York, aliwaalika wasanifu wabuni dola nyingine. Kati ya kazi zilizotokea, iliyozungumzwa sana ni ya studio ya Dowling Duncan ya mwaka 2010. Wasanifu hao walichunguza kwanza jinsi watu wanavyoshika pesa. Waliona kuwa mnunuzi huikabidhi noti ikiwa imesimama wima, na mashine nazo huimeza hivyohivyo. Wakazichora noti zao zote wima. Kisha wakaipa kila noti rangi yake na urefu wake: ya dola 1 fupi kuliko zote, ya dola 100 ndefu kuliko zote.

Katika picha, kila tarakimu ilipewa maana. Dola 1 ilibeba sura ya Barack Obama, rais wa kwanza mweusi. Dola 5 ilibeba makabila matano makubwa ya wenyeji wa asili, na dola 10 marekebisho kumi ya kwanza ya katiba. Dola 50 ilihusu majimbo 50, na dola 100 siku mia za mwanzo za utawala wa Franklin Roosevelt mwaka 1933.

Kwenye sura ya Obama ndipo ubunifu ulipogongana na sheria. Tangu mwaka 1866 Marekani hairuhusu sura ya mtu aliye hai kwenye noti. Katazo hilo lilikuja baada ya Spencer Clark, ofisa aliyesimamia uchapaji wa noti, kuiweka sura yake mwenyewe kwenye noti ya senti 5. Bunge pia limekuwa likizuia fedha za umma kutumika kubadili noti ya dola 1.

Hata hivyo, mengi kati ya mapendekezo hayo si ndoto. Uswisi ilisimamisha noti zake wima tangu miaka ya 1990, Bermuda ikafuata mwaka 2009, na Kanada ikatoa noti wima ya dola 10 mwaka 2018. Noti za yuro hukua kadiri thamani inavyopanda. Hata wazo la kuchora kitu kingine badala ya sura za viongozi lina mfano: Kenya ilikataza sura ya mtu yeyote kupitia katiba ya 2010, na noti za 2019 zikabeba jengo la KICC, kituo cha mikutano ya kimataifa jijini Nairobi.

Mchoro wa majaribio huacha kazi ngumu kwa wengine: alama za maji, nyuzi za usalama, wino unaobadilika rangi, na mashine za benki zinazopaswa kurekebishwa kila kipimo kinapobadilika. Lakini swali lake la msingi linaihusu kila benki kuu: je, anayeipokea noti gizani, au asiyeona kabisa, anaweza kujua ameshika shilingi ngapi? Noti isiyojibu swali hilo, hata ikipendeza vipi, haijasanifiwa vizuri.