Mali Isiyoshikika Nayo Ina Mwenyewe

Mwaka 1967 watafiti kutoka Ufaransa walifika Burundi na vinasa sauti, wakawarekodi wapiga ngoma wa nchi yetu. Muziki huo ulitolewa katika santuri za Ocora. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Kifaransa aliyejiita Mike Steiphenson alitwaa sauti ya ngoma hizo, akaongeza vyombo vyake, akatoa wimbo ulioitwa Burundi Black. Wimbo huo uliingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, naye alizitumia ngoma zilizorekodiwa Burundi katika wimbo wake The Jungle Line. Ngoma zikavuma duniani; majina ya waliozipiga hayakuvuma.

Ndugu msomaji, kisa hiki kinatufundisha kwamba kitu kinachoshikika na kazi iliyomo ndani yake ni mali mbili mbalimbali. Ngoma ni gogo na ngozi. Mlio wake uliorekodiwa ni mali nyingine, nao waweza kuuzwa ng'ambo hali ngoma yenyewe imetulia nyumbani. Mali ya namna hii huitwa miliki ya ubunifu.

Tuchukue mfano wa familia moja ya askari katika mtaa wa Mutanga Nord, mjini Bujumbura. Baba hutunga nyimbo. Mama hutengeneza sabuni ya mawese na kuiuza kwa jina alilolichagua mwenyewe. Kijana wao amebuni mashine mpya ya kukamulia mawese. Nyumba ni moja, lakini sheria inaona humo haki za aina mbalimbali.

Nyimbo za baba zinalindwa na hakimiliki. Haki hii huzaliwa pale kazi inapoundwa, bila kungoja muhuri wa ofisi. Kwa Mkataba wa Berne, ambao Burundi ilijiunga nao mwaka 2016, hudumu maisha yote ya mtunzi na si chini ya miaka 50 baada ya kifo chake. Hivyo ni urithi wa mjane na watoto, kama shamba. Waimbaji, wapigaji na waliorekodi nao wana haki yao, iitwayo hakishiriki. Lakini hakimiliki hailindi wazo tupu: mtu mwingine aweza kutunga wimbo juu ya mapenzi au vita, mradi asinakili maneno na sauti za mwenzake.

Jina la sabuni ya mama ni alama ya biashara. Kazi yake ni kumwezesha mnunuzi kujua bidhaa imetoka kwa nani. Alama hupata nguvu kamili inaposajiliwa, na usajili huweza kuhuishwa kila muda wake unapokwisha. Mama akichelewa, mwingine aweza kumtangulia kuliandikisha jina lile lile, na ugomvi wa kulirejesha ukala faida ya sabuni.

Mashine ya kijana yahitaji hataza. Hii hutolewa kwa uvumbuzi ambao ni mpya, si dhahiri kwa fundi wa kawaida, na waweza kutumika kazini. Muda wake ni miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi. Hapa ndipo wengi huangamia: kijana akiionyesha mashine hadharani kabla ya kuomba, aweza kupoteza sifa ya upya, na haki ikapotea pamoja nayo.

Kwa alama na hataza, Burundi ina sheria ya mwaka 2009, na wizara inayohusika na biashara ndiyo ya kuiendea. Kwa hakimiliki iko sheria ya mwaka 2005 na ofisi ya OBDA. Aidha, askari au polisi aliyetunga wimbo akiwa kazini aulize mapema: je, wimbo ni wake au wa jeshi? Sheria na masharti ya utumishi ndivyo huamua.

Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Hiyo ni heshima kubwa, lakini si hakimiliki. Nazo hazina mtunzi mmoja ajulikanaye, bali ni za vizazi. Kazi ya mtu mmoja ina nafuu zaidi, maadamu mwenyewe ajulikane.

Basi, wimbo ukikamilika, uandikwe pamoja na tarehe na jina la mtunzi. Mkataba wa kurekodi usomwe kabla ya kutiwa sahihi, na ieleweke kama kinachouzwa ni nakala au haki yenyewe. Karatasi hizo zitunzwe pamoja na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa watoto. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.