Umeona Simba? Usikimbilie Kuposti, Kwanza Rekodi Hivi

Wasee wa Rongai, Lang'ata na Kitengela, hii stori mnaijua. Saa tano usiku meseji inaingia kwa grupu ya ploti: "Simba ameonekana, fungeni milango!" Hakuna picha, hakuna saa, na hakuna anayejua ni nani alimwona. Kufika asubuhi, mmoja anaapa walikuwa watano, mwingine anasema ilikuwa tu mbwa ya jirani.

Sasa, hii si mchezo. Nairobi National Park ni kilomita mraba 117 pekee, na upande wa kusini haina ua. Simba kuvuka kuingia Kajiado ni kitu ya kawaida. Siku moja hiyo meseji itakuwa ya ukweli, na maafisa wa KWS watataka kujua waende wapi haswa. Simba naye pia ako kwa hatari. Juni 2012, wakazi wa Kitengela waliua simba sita waliokuwa wamevamia mifugo. Na si ati tuko nao wengi: hesabu ya wanyamapori ya 2021 ilipata simba 2,589 Kenya nzima. Hao wote ungewaweka Nyayo Stadium na viti vingi vibaki.

So ukiona simba, chui, duma ama fisi, ukiwa safari na mabeshte ama ukiwa tu ndani ya mathree, fanya hivi.

1. Andika hapo hapo

Usingoje ufike keja, juu stori ikikaa inaongezwa chumvi. Andika tarehe, saa, mahali, walikuwa wangapi, wakubwa ama watoto, dume ama jike, na walikuwa wanafanya nini. Dondosha pini kwa ramani ya simu. "Karibu na ile miti" haisaidii mtu.

2. Tenganisha ulichoona na ulichosikia

Simba akinguruma usiku, sauti inaweza kufika hadi kilomita 8. Kumsikia haimaanishi ako kwa geti yenu. Kama umesikia, andika umesikia. Kama umeambiwa, sema umeambiwa na nani.

3. Hakikisha ni mnyama gani

Wengi huchanganya duma na chui. Duma ana mistari miwili myeusi kutoka machoni hadi mdomoni, kama machozi, na madoa yake ni nukta zimejaa. Ya chui ni kama maua ama pete zilizovunjika.

Kama umepata nyayo pekee, angalia kucha. Simba na chui hutembea kucha zikiwa zimefichwa, kwa hivyo kwa kawaida hazionekani kwa mchanga. Za mbwa na fisi huonekana, na za duma pia. Weka kalamu ama sarafu kando ya unyayo kabla ya kupiga picha, ndio mtu ajue ukubwa wake.

4. Piga picha pande zote mbili

Hapa ndio kuna utamu. Simba hawafanani! Angalia pale masharubu yanatoka, kuna vidoa vimejipanga kwa mistari. Vile vidoa vya juu vimekaa ni tofauti kwa kila simba, na shavu la kushoto halifanani na la kulia. Hiyo mbinu ilichapishwa 1970 na watafiti Pennycuick na Rudnai, na Rudnai alikuwa anasomea simba wa hapa hapa Nairobi National Park. Chui, duma na fisi nao hutambuliwa kwa madoa ya ubavuni. Kwa hivyo picha ya simba akikupa mgongo ni fiti kwa status, lakini ya uso na mbavu ndio ina kazi.

5. Rekodi hata siku umetoka kapa

Ukizunguka masaa matatu na usione kitu, andika. Bila hizo siku, hakuna mtu anaweza kujua kama wanyama wanapungua ama ni wewe ulilala.

Mbona usumbuke hivyo? Mkumbuke Loonkiito, yule simba dume wa Amboseli aliyeuawa kwa mikuki Mei 2023 baada ya kuvamia mifugo. Dunia iliambiwa alikuwa na miaka 19, umri ambao simba wachache sana wa porini hufikisha. Hiyo ilijulikana juu kuna watu walikuwa wanamtambua kwa sura na kumwandika mwaka baada ya mwaka. Huko Amboseli, Lion Guardians wameajiri morani wa Kimaasai tangu 2007 kufuata simba na kurekodi. Moran akijua simba wako wapi leo, anawaambia wachungaji wapeleke ng'ombe upande mwingine. Ng'ombe anapona, na simba pia.

Lakini chunga kitu moja: usianike mahali kamili kwa mitandao, haswa kama kuna watoto. Majangili nao wako na bando. Programu kama iNaturalist huficha yenyewe mahali kamili pa wanyama walio hatarini, so tumia hiyo kuliko kuweka pini kwa TikTok.

Na kama simba ako mtaani, rekodi ingoje. Usishuke kwa gari, usimkimbie, usiite umati wa kumrushia mawe. Ingia ndani, pigia KWS, kisha uwape saa na mahali. Hizo mbili ndizo watakuuliza kwanza.