Mzee Akijibu "Alhamdulillahi", Usidhani Haumwi

Kutulo iko kwenye barabara ya Wajir kwenda Mandera, ukishapita Tarbaj na kabla hujafika El Wak. Bibi wa huko akianguka na kuvunjika nyonga, safari ya kutafuta upasuaji ni ya kusini: Wajir, Garissa, pengine hadi Nairobi. Akishatiwa vyuma, anayekesha naye ni muuguzi. Mimi ni mmoja wao, na nawaandikia jamaa wanaokaa kando ya kitanda, iwe Garissa, Lamu au Mombasa.

Muulize mzee kama anaumwa, atakujibu "Alhamdulillahi." Amefunzwa subira tangu utotoni, kulalamika kwake ni aibu. Basi hatutosheki na jibu hilo. Tunamwomba ayapime maumivu kuanzia 0 hadi 10, akiwa ametulia na pia akigeuzwa, maana nyonga huuma hasa mtu anaposogea. Akiwa amechanganyikiwa, au hatuelewani lugha, tunamtazama: anavyopumua, anavyoguna, uso ulivyokunjamana, mwili ulivyokakamaa, na kama anatulia akibembelezwa. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 2.

Mzee anayeumwa kimya hathubutu kukohoa, na makohozi yakituama mapafuni huleta nimonia. Hataki kusimama, damu ikaganda miguuni. Mwingine huweweseka usiku, watu wakasema ni uzee tu.

Ndiyo maana parasetamoli hutolewa kwa saa, hatungoji kilio; isizidi gramu 4 kwa siku, na kwa mzee aliyekonda ni chini ya hapo. Ikibidi mofini, huanzwa kwa kipimo kidogo, tukihesabu pumzi na kumpa dawa ya kulainisha choo. Jamaa wengi huiogopa wakidhani mzee atakuwa mteja. Kwa siku chache, chini ya uangalizi, hofu hiyo ni ndogo sana kuliko hatari ya kumwacha ateseke. Jirani zetu Uganda tangu 2004 wamewaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe.

Kinachonikera ni diklofenaki inayoingizwa wodini mfukoni kutoka duka la dawa. Kwa mzee huweza kuharibu figo na kutoboa tumbo. Kama ameshainywa, tuambieni, hatutamgombeza mtu.

Na siku ya kuruhusiwa, mwombeni muuguzi awaandikie saa za dawa. Kipimo kimoja kipangwe kiangukie kama saa moja kabla ya kupanda gari, kwa sababu njia ya Kutulo ni ndefu na gari hurusha.