Mhadhara wa Mji na Desturi za Kabila

Mhadhara wa historia ya mji una mashaka yake, hasa msemaji awapo mbali na mji wenyewe. Mfano ulio wazi ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin tangu mwaka 1900 hata 1905, na Hamburg tangu 1909 hata 1913. Baadaye alipita katika miji ya Ujerumani akitoa mihadhara ya hadhara juu ya Afrika ya Mashariki. Ugumu wa kazi hiyo waonekana tangu maandishi yake ya mwanzo.

Katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1901, Mtoro asimulia safari yake ya Udoe. Humo mna mtu, njia na siku; vitenzi vyaandamana kwa -li- na -ka-. Desturi za Wasuaheli, cha mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi yake, kina sura nyingine. Chaeleza malezi, jando, ngoma, ndoa, majumbe na utumwa, kama alivyoyajua kwao. Lakini anwani yataja Waswahili wote, na kitabu chajulikana kwa jina la Velten. Mji ukageuka kabila. Sarufi nayo ilisaidia: asemaye "watu huoza binti zao hivi" ameondoa mwaka, mtaa na mwenye arusi kwa silabi moja. (Hu- yenyewe haina kosa, kosa ni kuiweka mahali pa -li-.) Msikilizaji wa Berlin angejuaje kwamba Lamu mambo ni mengine?

Mwaka 1905 Mtoro alipotaka kurudi kwao pamoja na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka pwani. Mwalimu yule alihesabiwa kwa kabila lake, si kwa jina lake. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Jambo hili halihusu pwani peke yake. Huko Ndalambo, Wilaya ya Momba, katika Mkoa wa Songwe, Kinyamwanga ndicho lugha ya nyumbani ya wengi, nacho chavuka mpaka kuingia Zambia. Mzee wa huko akialikwa kusema kwa Kiswahili mbele ya wageni, na akaombwa "mila za Wanyamwanga", atajibu kwa hu-. Akiulizwa nani alijenga hapa kwanza, alitoka wapi, na shamba lake lilikuwa upande gani, hana budi kujibu kwa -li-, na kutaja majina.