Msaada unaombwa, fidia inadaiwa

Mwenye kufika Kolwezi mara ya kwanza anaona malori ya shaba na kobalti, haoni mbuzi. Lakini mbuzi wako: kule Mutshatsha, kule Lubudi, hata pembeni ya mji. Makuta ya masomo yangu yalitoka mu zizi la mjomba.

Siku moja mbuzi wake wakaanza kuanguka kisha kunywa maji ya kijito yaliyokuwa yamebadilika rangi. Watu wa kampuni moja wakakuja na daftari. Wakauliza: walikuwa ngapi? Mjomba akajibu: «Walikuwa mingi, kila mtu mwenye anapita hapa anajua.» Nani aliwahesabu? Hakuna. Akalipwa mbuzi watatu, wale ambao mizoga yao ilikuwa ingali pale. Wengine tulikuwa tumekwisha kuwazika juu ya harufu. Mjomba akashukuru kwa «msaada».

Neno hilo njo linanikasirisha mpaka leo. Sheria yetu ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inasema mu kifungu 285 bis kwamba mwenye haki ya kuchimba analipa hasara aliyowaletea watu na mali yao kwa kazi yake, hata kama hakuna kosa wala uzembe. Kwa hiyo mjomba hakupaswa kuthibitisha kwamba walifanya vibaya. Alipaswa kuonyesha tu kwamba hasara ilitoka kwa kazi yao, na hasara ni kiasi gani. Hapo kwa kiasi njo tulishindwa.

Lakini mbuzi wakifa kwa ukame au mafuriko, hakuna kampuni ya kudai. Kenya walijaribu njia nyingine. Bima ya mifugo ilianza Marsabit mwaka 2010, na kuanzia 2015 serikali ikaanza kuwalipia ada wafugaji wa Turkana na Wajir, kila familia kwa kiasi cha ng'ombe 5. Hakuna mtu anayekwenda kuhesabu mizoga: setilaiti inapima majani ya malisho, yakipungua kupita kiwango, wote wenye bima wa eneo hilo wanalipwa. Mwezi wa pili 2017, familia kama 12,000 zilipata shilingi milioni 214 hivi. Uzuri wake, makuta yanaweza kufika mnyama angali mzima, ukamnunulia chakula. Ubaya wake, setilaiti haioni ugonjwa, wala maji yenye sumu.

Marekani wao wanahesabu. Serikali inalipa asilimia 75 ya bei ya mnyama aliyekufa kwa dhoruba au mafuriko, lakini mfugaji analeta ushahidi: picha, risiti, karatasi ya daktari wa mifugo. Hata kule, bila namba hakuna malipo.

Basi nilinunua daftari, ile ya watoto wa shule. Kila mwisho wa mwezi: tarehe, idadi, picha ya simu, sahihi ya chifu wa kijiji. Mnyama akikufa, picha kwanza, na daktari wa mifugo wa serikali aitwe, kisha tunazika. Mjomba alikataa mwanzoni, eti kuhesabu mbuzi ni kuwaitia kifo. Hatukupatana miezi miwili nzima. Juma lililopita akanipigia simu saa kumi na moja ya asubuhi: «Ule mweusi amezaa mapacha. Andika.»