Kiyoyozi cha Darini na Lugha ya Fundi

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakitoshi kufundishia ufundi. Hebu tuchukue mfano wa kiyoyozi kinachofichwa darini, ambacho hewa yake husambazwa vyumbani kwa njia za bati.

Mwaka 1902, Willis Carrier alipobuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, Marekani, shabaha yake kuu ilikuwa kudhibiti unyevu uliokuwa ukiharibu kazi ya karatasi. Unyevu huo hugeuka maji juu ya koili baridi, na katika mji kama Mombasa maji hayo si haba. Hivyo basi, bomba la kuyatolea sharti literemke yapata sentimita 1 kwa kila mita. Njia za hewa zivikwe kizuia joto zisitoe jasho. Na dari iachiwe kilango cha kufikia chujio na feni. Fundi akipuuza hayo, dari huoza kimyakimya.

Je, ni neno gani lililotushinda hapo? Tatizo si uhaba wa maneno, bali ulegevu wa kuyatumia. Mwanagenzi akiambiwa tu "inamisha bomba", atainamisha lipi: la shaba lipitishalo gesi, au la plastiki litoalo maji? Mwalimu akilitaja kikamilifu, utata umekwisha.

Vyuo vyetu vya ufundi na vifundishe kwa lugha ambayo mwanafunzi anaweza kuulizia swali bila haya. Asiyelielewa agizo hulitekeleza kwa kubahatisha, na gharama humwangukia mwenye nyumba.